Shibiri Zilizobaki Juu ya Maji



Wasomaji wetu watukufu, mvua za vuli zimeingia na shule zinakaribia kufungwa. Katika nyumba nyingi za pwani huu ndio wakati wa kufunga mizigo. Wako watakaovuka maji kwenda Lamu, Pate na Faza, na wako watakaopanda bara kuwazuru jamaa waliooa na kuolewa huko Makueni na Kitui. Juma hili tumependa kuzungumza na makundi yote mawili kwa pamoja. Jambo tunalotaka kulisema ni moja, na sisi wenyewe tulilijua baharini tangu utotoni, kisha tukalisahau tuliposimama kando ya mto wa bara.

Mtoto aliyelelewa Lamu hafundishwi darasani namna ya kuitazama mashua. Humwona bibi yake amesimama gatini, kikapu mkononi, macho yakimshuka taratibu hadi ubavuni mwa chombo, pale ubao unapokutana na maji. Bibi akiona ubao mkavu wa kutosha, huinua buibui lake kidogo akapanda. Akiona maji yamekaribia ukingo, husema, "Hiki kimeshiba, tungoje kingine," na hakuna nahodha anayethubutu kumcheka. Ule ubao mkavu, kuanzia usawa wa maji hadi ukingoni, ndio akiba ya chombo. Mwenye tamaa huuona kuwa ni nafasi iliyopotea, ambayo ingalibeba magunia mengine matano. Mwenye akili hujua kwamba nafasi hiyo imekwisha kukodiwa na wimbi ambalo bado halijafika.

Sasa tuwaeleze tulivyolisahau hilo.

Mwezi wa Novemba 2023, mvua zilipozidi kipimo karibu Kenya nzima, tulipata tanzia ya shangazi yetu aliyekuwa ameolewa Kitui kwa zaidi ya miaka 30. Alifariki baada ya isha, na mazishi yakapangwa kesho yake baada ya adhuhuri. Tuliondoka Mombasa usiku uleule, watu wanane wa familia moja, watano wakiwa wanawake na mmoja wao ana mtoto wa miezi saba. Alfajiri tuliiacha barabara kuu ya Nairobi pale Kibwezi, tukashika ile inayopita Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Barabara hiyo huvuka Mto Athi, ulio mpaka kati ya Makueni na Kitui. Daraja lake limeinuliwa vizuri. Maji yaliyopita chini yake asubuhi ile yalikuwa mekundu kama udongo wa mfinyanzi, yamebeba magogo na matawi mazima ya miti. Msomaji wa Malindi anayajua maji hayo bila kufika Kibwezi: Athi ukishapokea Mto Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, nao ndio unaoibadilisha rangi bahari ya Malindi kila mvua zinapokuwa kubwa.

Mjini Kitui tukapanda matatu ya kwenda kijijini. Zilikuwa zimebaki kilomita chache tu tulipofika kwenye mto usio na daraja. Mito mingi ya Kitui na Makueni ni ya msimu. Kwa miezi kadhaa kila mwaka huwa ni njia pana ya mchanga mweupe, watoto hucheza humo na ng'ombe hupita. Kwa sababu hiyo haikujengewa madaraja marefu, bali sakafu ya saruji iliyolazwa juu ya mchanga kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ambayo wenyeji huiita drifti. Kandokando ya sakafu hiyo husimikwa nguzo fupi za saruji ili dereva ajue barabara inapopita. Mvua ikinyesha milimani, hata kama kijijini kuna jua, maji hufika kwa kishindo na kupita juu ya sakafu.

Tulipofika, nguzo zilikuwa zimebaki vichwa tu.

Dereva, kijana mpole, alisimamisha gari akashuka kutazama. Aliporudi alisema maji yanapungua, na kwamba gari moja lilikuwa limepita nusu saa nyuma. Shemeji yetu, ambaye ndiye aliyepaswa kuingia kaburini kumpokea dada yake, alitazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu. "Maiti haingoji," alisema, na sote tulijua kwamba amesema kweli. Hatutaki kujificha nyuma ya dereva wala nyuma ya shemeji: sisi tulioandika safu hii kwa miaka mingi tukiwahimiza wengine kuwa na subira, tulimwambia kijana yule atie moto gari, na nauli ya ziada tukamwahidi.

Ndani ya matatu alikuwemo bibi mmoja Mkamba, mtu mzima sana, kiondo kikubwa magotini. Hakupiga kelele. Aliomba afunguliwe mlango, akashuka polepole, akaketi juu ya jiwe kando ya barabara, kisha akatuambia kwa Kiswahili chake cha bara, "Nyinyi endeni, wanangu. Hiyo ikiingia pale si gari tena. Mimi nilizika watu wa Enziu."

Yule mdogo wetu mwenye mtoto alishuka baada yake. Kisha tukashuka wanawake wote, mmoja baada ya mwingine, bila ya kushauriana. Wanaume walibaki wameketi kwa muda, wakatazamana, na dereva akazima moto.

Msomaji wa pwani huenda amelisikia jina la Enziu siku mbili tatu kwenye habari, kisha likampita. Ni mto wa msimu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui. Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, basi la shule lililokuwa limewabeba wanakwaya na jamaa zao wakielekea harusini lilijaribu kuvuka hapo, maji yakiwa yanapita juu ya drifti. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama, na wengine wakipiga picha za simu. Basi lilikwenda kidogo, likaanza kulalia upande mmoja, likateremka nje ya sakafu ya saruji na kuzama. Walikufa watu zaidi ya 30, watoto wakiwamo. Ilibidi wapiga mbizi waitwe ili kuitoa miili mtoni, katika eneo ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka wenyeji hutembea mwendo mrefu kutafuta maji ya kunywa.

Tuliporudi nyumbani tuliketi na kalamu kuielewa kauli ya yule bibi, kwa sababu ilikuwa kweli kuliko tulivyodhani. Gari likiingia majini ni chombo cha majini, apende dereva asipende. Maji hubeba kila kinachoingia ndani yake kwa kadiri ya nafasi inayochukua. Gari dogo la kawaida lina urefu wa mita 4 na upana wa mita moja na nusu na ushei, na tumbo lake liko sentimita 20 hivi kutoka barabarani. Maji yakilipita tumbo kwa sentimita 10, kabla hayajapenya ndani, huwa yamekwisha kuliondolea barabara mzigo wa zaidi ya kilo 600. Gari zima lina uzito wa tani moja na kidogo. Yaongezeke maji shibiri moja, na magurudumu hayashiki chochote. Usukani umebaki kuwa pambo. Ndiyo maana wanaochunguza mafuriko husema kwamba maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yaweza kulichukua gari dogo, na ya sentimita 60 huchukua hata magari makubwa, na kwamba mtu mzima huangushwa na maji yasiyofika magotini.

Basi nalo lina upana wa mita mbili na nusu na urefu wa mita 10 au zaidi. Kila sentimita 10 za maji zinazolipanda juu ya sakafu hulipunguzia takriban tani mbili na nusu. Ukubwa wake ambao humfanya abiria ajione salama ndio unaolifanya liinuliwe upesi. Na mto hauhitaji kuliinua lote. Ukilipunguzia nusu ya uzito wake, mkondo unaolisukuma ubavuni humaliza kazi, maana ubavu wa basi ni mpana kama tanga. Mashua angalau ina mkuku, ina ubavu uliozibwa kwa pamba na mafuta, ina mwenye kuiongoza anayejua kwamba yumo majini. Basi lina milango na madirisha mahali ambapo chombo kingekuwa na ubao mkavu. Akiba yake juu ya maji ni sifuri.

Hatudhani kwamba hesabu hii ni ya bara peke yake. Baharini ni ileile, isipokuwa huku husogea polepole na kwa hiyo hutudanganya zaidi. Fikiri mashua ya mita 8 kwa 2. Watu wazima wawili wakipanda, huzama kwa kadiri ya sentimita moja. Nani ataiona sentimita moja? Wawili wengine wakipanda, tena moja. Wakiongezwa watu 20 juu ya idadi yake, ubavu umekwisha kushuka sentimita 10 na zaidi, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyeizamisha. Kisha linakuja wimbi, au meli kubwa inapita na kuacha mawimbi yake, na abiria wote wanageukia upande mmoja kutazama. Ukingo uliokuwa shibiri mbili juu ya maji sasa uko usawa nayo. Maji yakishaingia huzidisha uzito, uzito hukishusha chombo, na chombo kikishuka hukaribisha maji zaidi. Wazee wetu waliozungushia vyombo vyao majamvi ubavuni walijua kwamba hata kizuizi cha ukili, kikizuia rasharasha za wimbi, chaweza kuwafikisha bandarini.

Watu wa Mombasa hatuhitaji mfano wa mbali. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa umbali mfupi tu kutoka gatini, wakafa watu 272. Iliruhusiwa kubeba watu 300, nayo ilikuwa imebeba zaidi ya 400. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakienda kazini asubuhi, na zipo familia miongoni mwa wasomaji wetu ambazo mwezi wa Aprili haujawa mwezi wa kawaida tangu siku hiyo. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao wanaikumbuka MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikiwa imejaa watu na mizigo kupita kiasi chake, katika siku zile zinazofuata Idi ambapo kila mtu anataka kurudi kwake.

Meli kubwa zinazoingia Kilindini zimeandikiwa kipimo hicho mwilini. Ukizitazama kutoka Likoni, katikati ya ubavu utaona duara lililokatwa na mstari, na kando yake mistari mifupi yenye herufi. Mbunge mmoja wa Uingereza, Samuel Plimsoll, alipigana miaka mingi dhidi ya wenye meli waliopakia kupita kiasi huku wakiwa wamekatia meli zao bima, na sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha alama hiyo ichorwe. Leo mataifa yanafuata mkataba wa mwaka 1966. Mistari ni mingi kwa sababu maji hayabebi sawa: mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, na ya mto ni kilo 1,000, kwa hiyo chombo hicho hicho huzama zaidi kikiingia mtoni. Baharia wa Kipini anayetoka baharini na kupanda Mto Tana analijua hilo kwa macho, pasi na mkataba. Tulichokipenda katika habari hii ni kwamba alama ilichorwa nje, mahali ambapo kila mtu aliye gatini anaweza kuisoma, hata asiyejua bei ya shehena.

Mashua zetu hazina duara. Zina macho ya bibi.

Turudi Ukambani, maana huko tuliona pia kwamba si vyombo tu vinavyohitaji akiba juu ya maji. Kuta nazo zinaihitaji. Tulipokuwa tukingoja mto upungue, yule bibi alituonyesha, mbali kidogo upande wa chini, ukuta wa mawe na saruji unaovuka mto kutoka ukingo hadi ukingo. Ni bwawa la mchanga, na Kitui na Makueni yapo mengi sana. Shirika la SASOL peke yake limesaidia kujenga mamia yake Kitui tangu miaka ya 1990. Maji ya mafuriko huja na mchanga, mchanga hutua nyuma ya ukuta mwaka baada ya mwaka hadi ukajaa, na ndani ya mchanga huo maji hukaa yamefichwa na jua. Kiangazi kikifika, watu huchimba mchangani na kuteka. Kazi ya kubeba mawe hayo kwa sehemu kubwa imefanywa na wanawake, katika vikundi vya kusaidiana ambavyo Wakamba huviita mwethya. Bibi alituambia kwamba ukuta ule aliubebea mawe akiwa na mimba ya kitinda mimba wake.

Ukuta huo una siri inayofaa kuangaliwa. Katikati yake ni wa chini, na kwenye kingo mbili umeinuliwa kama mabega. Wajenzi wanajua kwamba mafuriko yatapita juu yake, nao wameyachagulia pa kupita: katikati, juu ya mwamba na mawe yasiyomomonyoka. Mabega yameinuliwa ili maji yasizunguke pembeni na kula udongo wa ukingo, maana mto ukishapata njia ya pembeni huuacha ukuta umesimama peke yake kama mlango usio na nyumba.

Bwawa la udongo au la vifusi vya mawe haliwezi kuvumilia hayo. Maji yakipita juu ya mgongo wake hukata mfereji, na mfereji huwa lango. Kwa hiyo wahandisi huacha kimo cha mita kadhaa kati ya maji yaliyojaa na mgongo wa bwawa, na pembeni hutengeneza njia ya kupitishia maji ya ziada. Bwawa la Thwake, linalojengwa mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, kati ya Makueni na Kitui, limepangiwa kimo cha mita 80.5 na hifadhi ya mita za ujazo milioni 688. Ukuta wa ukubwa huo nao haukukusudiwa kujazwa hadi mgongoni. Mtu asiyejua ataona mita zile zilizobaki juu kuwa ni gharama ya bure.

Na upande wa kaskazini wa Kitui, ambako Mto Tana hupita mpakani, yapo yale mabwawa matano ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Masinga likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari huwa limejaa, na maji yanayozidi huanza kumwagika kupitia njia yake. Redio inapotangaza kwamba Masinga linamwagika, jamaa zetu wa Garsen na Kipini huogopa kwamba bwawa limevunjika. Halijavunjika, linafanya lile lililotengenezwa kulifanya. Lakini maji hayo hayapotei. Yanateremka siku kadhaa hadi Garissa na Tana River, yakakutana na mvua za huko, na barabara zikakatika. Mwezi wa Aprili 2024 barabara kati ya Madogo na Garissa ilifunikwa, watu wakaanza kuvushwa kwa mashua. Tarehe 28 mwezi huo mashua mojawapo, iliyojaa watu, ilipinduka pale Kona Punda. Waliokolewa 23, na wengine hawakuwahiwa. Katika siku hizohizo, Makueni, lori lililobeba watu lilisombwa likijaribu kuvuka mto uliofurika. Mashua huku na lori kule, na maji ni yale yale ya mvua moja.

Sasa akina mama watatuuliza: tufanye nini, nasi si manahodha wala madereva? Ninyi ndio wengi katika vyombo hivyo, na mara nyingi ndio wenye kushika mikono ya watoto. Kabla hujamkabidhi mtoto kwa utingo, simama gatini, tazama ubavu. Ukingo ukiwa umebakiza chini ya mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, na abiria bado wanapanda, rudi nyuma. Tazama vilevile kama chombo kimelala upande mmoja kikiwa bado kimefungwa, na kama mizigo mizito imewekwa ngamani au imerundikwa juu. Ukishapanda, keti chini, tena katikati, na uwazuie watoto wasisimame wote kuwaona pomboo. Kwenye mashua za abiria jaketi za kuokolea maisha zinatakiwa na sheria. Itake mapema, uivae juu ya buibui, na usione haya. Mbeleko ya leso ni njema njiani, ila ndani ya chombo humfunga mama na mtoto kuwa mzigo mmoja. Mpakate mbele, jaketi yake ikiwa imefungwa.

Mtoni, tafuta nguzo za drifti. Usipoiona saruji ya chini, huijui kama bado ipo, kwani maji huchimba chini yake na kuibeba. Kwamba gari jingine limepita si ushahidi. Lilipita katika maji mengine. Mito ya msimu hupanda upesi, lakini pia hushuka upesi, na mara nyingi subira inayotakiwa ni ya saa chache, si ya siku.

Tunajua neno litakalojibiwa, kwa maana tumelisikia vikaoni: ajali haina kinga, na ajali ya mtu imekwisha kuandikwa. Hatubishani na kilichoandikwa. Tunasema tu kwamba bibi zetu waliamini hivyohivyo, tena kwa yakini kuliko sisi, na bado walitazama ubavu wa mashua kabla ya kuinua mguu.

Lililo gumu zaidi ni aibu. Kumwambia kijana wa watu mbele ya abiria wote kwamba hupandi. Kushuka na mabegi yako huku wengine wakikuona mwoga au mdeka. Kumkawiza mume, au bwana harusi, au jeneza. Aibu hiyo sisi tuliilipa, na hatutawaambia kwamba ilikuwa rahisi. Mto haukupungua adhuhuri, wala alasiri. Shangazi yetu alizikwa ng'ambo ile tukiwa tumeketi upande huu, na shemeji yetu alisikia kwa simu jirani akiingia kaburini badala yake. Alikwenda kusimama peke yake mbali na sisi hadi magharibi. Miaka imepita, tunasalimiana vizuri siku za Idi, lakini suala la mto ule halijawahi kutajwa kati yetu naye, na safu hii huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza.

Usiku ule mwenye duka dogo la kando ya barabara alitufungulia chumba cha magunia, na mkewe akatupikia chai na mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe, ambayo huko huyaita muthokoi. Yule bibi alilala kati ya wanawake wetu, kiondo chake akakifanya mto wa kichwa. Mtoto wa miezi saba aliamka mara mbili, na mara ya pili bibi ndiye aliyembembeleza.

Alfajiri, baada ya kusali, tulitoka nje. Mto ulikuwa umekwisha. Sakafu ya saruji ilionekana wazi, ila kipande kikubwa cha upande wa chini, kadiri ya upana wa gurudumu, hakikuwapo. Kwenye miti ya ukingoni nyasi na takataka zilikuwa zimenasa juu ya vichwa vyetu. Wanawake wawili wa kijiji walikuwa wamekwisha kufika na mitungi ya plastiki, wamepiga magoti mchangani, wanachimba ili kupata maji ya kunywa.